Bananakwiti na tagua: ndege wa gramu 10, mnyama wa kilo 35, na kwa nini mzito ndiye anayekwisha

Ukimpandisha tagua mmoja aliyekomaa upande mmoja wa mizani, utahitaji bananakwiti wapatao 3,500 upande wa pili ili mizani itulie. Ndege ana gramu 10 hivi, mnyama, ambaye kwa umbo anafanana na nguruwe, ana kilo 35 hivi. Kwa pengo hilo mtu hukisia haraka kwamba mdogo ndiye dhaifu. Mambo yako kinyume. Huyo wa gramu 10 ametapakaa kutoka visiwa vya Karibi hadi kaskazini mwa Argentina, wala hakuna anayekosa usingizi kwa ajili yake. Huyo wa kilo 35 yumo kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, daraja la walio hatarini kutoweka, na makao yake duniani ni nyika moja tu: Gran Chaco, inayogawanywa na Paragwai, Bolivia na Argentina.

Kuwaweka pamoja si mchezo wa "nani mkubwa, nani mdogo". Wote wawili wanaishi kwa kuvunja ulinzi wa mimea. Mmoja hutoboa ua lisilomfungulia mlango, mwingine hutafuna mmea uliojaa miiba. Ila ujanja wa ndege unabebeka, anahama nao popote penye maua na matunda. Ujanja wa tagua umefungwa kwenye aina moja ya kichaka, na kichaka hicho ndicho kinachofyekwa.

Makosa mengi huanzia kwenye majina

Bananakwiti, Coereba flaveola kwa wanasayansi, ana urefu wa sentimita 11 hivi. Mgongo wake ni wa kijivu cha moshi, tumbo la manjano, koo la kijivu, na juu ya jicho unapita mstari mweupe kama nyusi iliyopigwa kwa chaki. Mdomo ni mfupi, mwembamba, umepinda kuelekea chini. Dume na jike huwezi kuwatenganisha kwa rangi. Sauti yake ni nyembamba yenye mikwaruzo, na anapoimba huonekana kama ana haraka ya kumaliza.

Msomaji aliyezoea ndege aitwaye chozi akimwona kwa mara ya kwanza atasema: huyu ni chozi. Amekosea ukoo lakini hajakosea kazi. Chozi ni wa Afrika, Asia na pande za Australia, bananakwiti ni wa Amerika, na kila mmoja alipinda mdomo kivyake kwa kufuata mbochi, yale maji matamu ya ua. Hata wataalamu walihangaika naye. Mwanasayansi Linnaeus alimwandika mwaka 1758 katika jenasi ya Certhia, pamoja na ndege wanaopanda magome ya miti. Baadaye akapewa familia yake peke yake. Vipimo vya jeni vimemrudisha kwenye familia ya Thraupidae, karibu sana na wale ndege wa visiwa vya Galápagos waliopewa jina la mwanasayansi Darwin. Dalili ilikuwepo kwenye kiota siku zote: kama jamaa zake hao, hujenga kiota cha mviringo kilichoezekwa juu, chenye mlango ubavuni.

Usidanganywe na rangi pia. Bananakwiti wana nususpishi zinazofika 40 hivi, na Grenada na Saint Vincent kuna walio weusi tangu kichwa hadi mkia. Hao si spishi nyingine. Weusi wao umetokana na badiliko dogo katika jeni moja, MC1R, jeni ileile inayohusika na weusi wa panya na kuku.

Tagua, Catagonus wagneri, ana kisa cha aina yake. Sayansi ilimjua kwanza kwa mifupa. Mwaka 1930 Carlos Rusconi alimweleza kutokana na mabaki yaliyopatikana Argentina, na kwa miongo kadhaa akahesabiwa kuwa mnyama aliyekwisha zamani. Mwaka 1975 Ralph Wetzel na wenzake wakatangaza kwamba yuko hai katika Chaco ya Paragwai. Wenyeji hawakushangaa, walikuwa wakimwinda na kumla muda wote huo. Paragwai wanamwita tagua, Argentina wanamwita chancho quimilero, yaani nguruwe wa quimil, na quimil ni aina ya mpungate. Jina la wenyeji lilikuwa limeshaeleza chakula chake kabla mtaalamu yeyote hajafungua tumbo lake.

Hapo kwenye neno "nguruwe" ndipo makala nyingi huteleza. Tagua ni pekari, na pekari si nguruwe. Nguruwe, ngiri na jamaa zao ni familia ya Suidae, yenye asili ya Afrika, Ulaya na Asia. Nguruwe mwitu wanaoonekana Amerika leo walipelekwa na Wazungu. Pekari ni familia ya Tayassuidae, na wote waliobaki hai wako Amerika. Ukikuta fuvu, tazama chonge za juu. Za ngiri hujikunja kwenda nje na juu. Za pekari zimenyooka kushuka chini na kusagana na za chini, kwa hiyo hujinoa zenyewe kila mdomo unapofungwa. Hesabu meno: pekari ana 38, nguruwe ana 44. Tumbo la pekari limegawanyika vyumba ingawa hacheui, ilhali la nguruwe ni la kawaida. Na juu ya kiuno, karibu na mkia mfupi usioonekana vizuri, pekari ana tezi ya harufu ambayo nguruwe hana. Wenzake kwenye kundi hujisugua kwayo, na ndivyo wanavyotambuana ndani ya kichaka kisichoruhusu macho kufika mbali.

Hata ndani ya pekari wenyewe lazima uwe makini, kwa sababu Chaco ina watatu. Pekari mwenye ukosi, ambaye wenyeji Waguarani humwita kure'i, ndiye mdogo. Hatishiki kwa jumla. Pekari mwenye midomo myeupe, tañykatĩ, hutembea kwa makundi makubwa yanayoweza kuzidi mia, na hali yake ni ya mashaka. Tagua ndiye mkubwa na ndiye aliye hatarini kabisa. Anayeandika kwamba "pekari yuko hatarini kutoweka" bila kusema pekari yupi amesema uongo kuhusu mmoja na kweli kuhusu mwingine.

Mbele ya ua na mbele ya mwiba

Mtazame bananakwiti akifika kwenye ua lenye shingo ndefu, ua lililoumbwa kwa ajili ya ndege mvumaji. Mdomo wake haufiki chini kwenye mbochi, na hawezi kuning'inia hewani kama mvumaji. Basi hutua kwenye kikonyo, hujipinda, mara nyingine kichwa chini miguu juu, kisha huchoma mdomo kwenye kitako cha ua kwa pembeni. Tundu likishapatikana, ulimi wenye ncha ya nyuzi kama brashi hufyonza mbochi. Chavua haikuguswa. Ua limetengeneza sukari ili lisafirishiwe chavua, na sukari imekwenda bila kazi kufanyika. Wataalamu wa uchavushaji huita tendo hili wizi wa mbochi, na jina linamfaa.

Lakini si mwizi wa kila siku. Kwenye maua yaliyo wazi na mafupi huingiza kichwa kwa mbele kama mgeni mwema, na hapo hutoka na chavua usoni. Hutoboa pia matunda laini yaliyoiva na kunywa maji yake, na huokota wadudu wadogo na buibui, kwa sababu mbochi hauna protini ya kutosha. Visiwa vya Virgin vya Marekani humwita ndege wa sukari, maana huingia hadi mezani kuchota bakulini, na visiwa hivyo vimemfanya ndege wao rasmi.

Tagua naye ana kazi nzito zaidi. Dungusi, ile jamii ya mpungate na ndugu zake, hulinda maji yaliyomo mwilini mwake kwa miiba mirefu na kwa vijimiiba vidogo visivyoonekana upesi. Tagua akikuta kipande kilichoanguka hukibiringisha ardhini kwa pua, mbele na nyuma juu ya udongo, mpaka miiba ikatike. Iliyobaki huing'oa kwa meno na kuitema. Pua hiyo ni ngumu mbele, yenye gegedu nene, na ndiyo pia hutumika kufukua mizizi ya bromeliadi, mimea ya jamii ya nanasi. Wakati wa maua na matunda hufuata maua ya dungusi yaliyodondoka na maganda ya miti ya jamii ya mgunga. Akihitaji madini hulamba udongo wa chumvi na vichuguu vya sisimizi na mchwa.

Kuushinda mwiba ni nusu tu ya kazi. Dungusi ana ulinzi wa pili, nao uko ndani: asidi oksaliki. Kwa wanyama wengi asidi hiyo hushikana na kalsiamu na kuacha fuwele zinazoharibu figo. Figo za tagua zina uwezo wa kukabiliana nayo, ndiyo maana anaweza kumfanya dungusi kuwa mlo wa kila siku.

Figo ndizo mahali pazuri pa kuwalinganisha hawa wawili, kuliko manyoya na kwato ambazo kila mtu huzitaja. Bananakwiti anakunywa maji ya sukari. Mbochi ukiwa hafifu, analazimika kunywa mwingi ili apate nguvu ya kutosha, na maji yote yale lazima yatoke. Tatizo lake ni wingi wa maji, na figo zake hufanya kazi ya kumwaga bila kupoteza chumvi. Tagua anaishi mahali ambapo kiangazi huvuka nyuzi 40 za Selsiasi na miezi hupita bila mvua. Kwake dungusi ni chakula na ni mtungi wa maji kwa pamoja. Tatizo lake ni sumu inayokuja na maji hayo. Na hata uchafu wenyewe hutoka kwa njia tofauti: ndege hutoa nitrojeni kama asidi yuriki, ule weupe mzito unaouona kwenye kinyesi chake, na mnyama huitoa kama yurea ndani ya mkojo.

Hesabu ya njaa

Watu hupenda kusema ndege mdogo "hula sana kwa mwili wake". Ni kweli, na inaweza kukadiriwa. Mahitaji ya nishati ya mwili uliotulia hayaongezeki sawasawa na uzito. Huongezeka kwa kipeo cha takribani 0.75. Chukua 3,500 uipandishe kwa 0.75, unapata 455 hivi. Maana yake tagua, aliye mzito mara 3,500, anahitaji nishati mara 455 tu. Gawanya 3,500 kwa 455 na utaona kwamba gramu moja ya bananakwiti inaunguza nishati karibu mara 8 ya gramu moja ya tagua. Ukweli unaweza kuzidi hapo, kwa sababu ndege waimbaji huunguza nishati zaidi kuliko wanyama wenye uzito uleule, lakini kama makadirio ya kuanzia namba hiyo inatosha.

Matokeo yake ni maisha mawili yasiyofanana hata kidogo. Bananakwiti hana akiba ya kutosha kupitisha siku nzima bila kula. Akikosa chakula asubuhi, mchana yuko taabani. Ndiyo maana kimbunga humuumiza zaidi baada ya upepo kutulia. Kimbunga Hugo cha mwaka 1989 kilipopita Visiwa vya Virgin, ndege wa mbochi na matunda walipungua kuliko wala wadudu, kwa kuwa miti ilibaki haina ua wala tunda. Tagua anaweza kupita kipindi kibaya kwa mafuta na kwa mwendo mrefu. Kinachomshinda ni hasara inayoendelea mwaka hadi mwaka.

Uzazi ndio unaoamua nani atarudi. Bananakwiti hutaga mayai 2 au 3 kwa kawaida, jike huyaatamia siku 12 hadi 13, na makinda hutoka kiotani kabla ya wiki ya tatu kwisha. Huzaliwa vipofu na uchi, hivyo wengi hupotea kwa nyoka na wezi wengine wa viota, lakini wazazi huweza kuanza upya katika msimu uleule. Huwa na viota vya kulalia pia, vilegevu kidogo kuliko vya kuzalia, na anayehesabu viota bila kujua hilo huishia na idadi ya familia iliyovimba. Tagua hubeba mimba miezi mitano hivi, huzaa watoto 2 au 3, wengi wao kati ya Septemba na Desemba mvua zinapokaribia. Watoto hutembea na kundi mapema sana, lakini jike akipoteza uzao, mara nyingi ameupoteza mwaka.

"Hatarini kutoweka" si lugha ya huruma

Neno hili husomwa kana kwamba ni hisia ya mtu. IUCN ina vigezo vya namba. Spishi huweza kuingia daraja la walio hatarini ikiwa imepungua kwa angalau asilimia 50 ndani ya miaka 10 au vizazi 3, kutegemea kipi ni kirefu zaidi. Kwa daraja la chini yake, la walio mashakani, kigezo ni asilimia 30. Kwa la juu yake, la walio hatarini mno, ni asilimia 80. Chanzo cha upungufu kikiwa kimeeleweka, kimekoma na kinaweza kurekebishwa, viwango hivyo hupanda. Kuna njia nyingine pia: eneo la mtawanyiko kuwa chini ya kilomita za mraba 5,000 likiambatana na dalili nyingine za kuporomoka, au viumbe wa spishi hiyo waliokomaa kuwa pungufu ya 250.

Angalia kifungu cha vizazi 3. Kwa ndege anayezaa haraka, vizazi 3 huisha kabla ya miaka 10, kwa hiyo kipimo ni miaka 10. Kwa mnyama mkubwa, tuseme kizazi chake ni miaka 6, kipimo kinakuwa miaka 18. Makosa ya kawaida ni kuchukua upungufu wa mwaka mmoja wa ndege baada ya kimbunga na kuuweka sambamba na upungufu wa miongo wa tagua. Jedwali litapendeza, lakini safu mbili hazitakuwa zinapima kitu kimoja.

Kosa jingine ni kudhani idadi kubwa ndiyo usalama. Kinachotazamwa kwanza ni mwelekeo. Spishi yenye maelfu inayopoteza nusu yake ni mgonjwa. Spishi ya kisiwa kimoja isiyobadilika inaweza kuwa salama kuliko hiyo.

Sasa weka misumeno na matrekta katikati ya hawa wawili. Gran Chaco ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba milioni moja, na karne hii imekuwa miongoni mwa misitu inayokatwa kwa kasi kubwa zaidi duniani, kwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya soya. Kichaka kikavu chenye dungusi husukumwa na tingatinga, hukusanywa mistari, huchomwa, kisha hupandwa nyasi. Kwa tagua hakibaki kitu, kwa kuwa nyasi haina mtungi wa maji ndani yake. Bananakwiti si ndege wa jangwa wala wa kilindi cha msitu. Anapenda kingo, vichaka vinavyochipua, mashamba ya miti na bustani. Msitu wa mvua ukikatwa akabakiziwa miti ya maua na matunda, anaendelea. Kila ua la bustani lililoletwa kutoka bara jingine kwake ni mlango mwingine wa kutoboa.

Kisha kuna uwindaji, na hapa tabia ya tagua inamponza. Akitishwa, mara nyingi kundi halitawanyiki mbali. Nywele za mgongoni husimama, meno hugonganishwa kwa mlio wa kukatakata, harufu hutoka, na wanyama 4 au 5 husimama wakimkabili adui. Mbele ya chui wa Amerika mbinu hiyo ina akili. Mbele ya bunduki ni kujipanga tayari kwa risasi, na kundi zima huweza kuisha asubuhi moja. Barabara mpya zinazokata kichaka humpeleka mwindaji mahali ambapo zamani alihitaji siku kadhaa kufika. Bananakwiti akitishwa huruka, na nyama yake haifai kuumiza kichwa cha mtu.

Ulinzi uliopo kwa tagua ni wa aina kadhaa. CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, imemweka Kiambatisho cha I, maana yake biashara ya kimataifa ya nyama, ngozi au mnyama hai kwa faida imepigwa marufuku. Hilo halimgusi mwindaji wa kitoweo wala trekta, hivyo kulitaja kama suluhisho ni kujidanganya. Kuna hifadhi: Defensores del Chaco ya Paragwai iliyoanzishwa mwaka 1975, Kaa-Iya ya Bolivia ya mwaka 1995 yenye hekta zipatazo milioni 3.4, na Copo huko Argentina. Na tangu mwaka 1985 kuna Proyecto Taguá karibu na Fortín Toledo katika Chaco ya Paragwai, mradi ulioanzishwa na Kurt Benirschke wa bustani ya wanyama ya San Diego, wanakozalishwa tagua ndani ya uzio. Uzazi wa uzioni hutunza damu na hufundisha mengi, ila mnyama aliyezalishwa anahitaji pa kurudishwa.

Kuwahesabu

Kila ulinganisho wa idadi unasimama juu ya njia ya kuhesabu, na njia za hawa wawili hazikutani popote.

Kwa bananakwiti, mhesabu hutumia vituo. Huchagua vituo vilivyoachana angalau mita 150 au 200, huanza kunapopambazuka, husimama kila kituo dakika 5 hadi 10, na kuandika kila ndege aliyeonwa au kusikika ndani ya duara la mita 25 au 50. Kazi husitishwa saa tatu au nne baadaye, kwa kuwa joto likipanda ndege hunyamaza na hesabu hushuka bila ndege kupungua. Upepo na mvua huharibu kazi vilevile. Kasoro kubwa zaidi ni kituo kilichowekwa karibu na mti uliochanua au kando ya nyumba inayotoa sukari. Ndege wa eneo lote hukutana hapo, mhesabu huandika 15, na baadaye mtu huzidisha 15 kwa ukubwa wa kisiwa. Dawa yake ni kuchagua vituo kwa bahati nasibu kwenye ramani kabla ya kutoka nyumbani, na kurudia hesabu katika misimu tofauti ya maua.

Tagua huhesabiwa kwa kamera za mtego, pamoja na kutafuta nyayo na sehemu anazorudia kuacha kinyesi. Kamera hufungwa kwenye mti sentimita 40 hadi 50 juu ya ardhi, ikitazama njia ya wanyama kwa umbali wa mita 3 au 4. Isielekezwe mashariki wala magharibi, jua la asubuhi au la jioni litaunguza picha. Kwa kuwa Chaco iko kusini mwa ikweta na jua kwa sehemu kubwa ya mwaka hupita upande wa kaskazini, kamera inayotazama kusini hupata mwanga mzuri. Nyasi zilizo mbele yake hufyekwa, vinginevyo upepo utapiga picha elfu moja za majani na kumaliza betri. Kamera 20 zikikaa siku 45 zinatoa siku-kamera 900, na hiyo ndiyo namba ya kugawanyia idadi ya matukio.

Kuna jambo ambalo wageni wa kazi hii hulijua wakiwa wamechelewa. Kihisi cha kamera hakioni mnyama, kinaona tofauti ya joto kati ya mwili unaosogea na mandhari nyuma yake. Alasiri ya Chaco inapofika nyuzi 40, ardhi na mwili wa tagua hukaribiana joto na kamera hulala. Tagua hutembea mchana, hasa asubuhi. Ukisoma picha za miezi ya joto bila kuzingatia hilo, utaandika kwamba mnyama anakwepa mchana, kumbe aliyekuwa akikwepa ni kihisi.

Tena, tagua hawana madoa ya kumtofautisha mmoja na mwenzake kama chui wa Amerika. Picha 12 zinaweza kuwa za makundi 12 au za kundi moja lililopita mara 12. Kwa hiyo matokeo ya kweli ni mara ngapi wanapita au sehemu ngapi wanatumia, na anayetoa kutoka hapo idadi ya vichwa anapaswa kuonyesha hesabu yake. Matukio ya kamera moja yaliyopishana chini ya dakika 30 au saa moja huhesabiwa kuwa moja.

Mwisho ni kumtambua kwenye picha ya usiku isiyo na rangi, ambapo tagua na pekari mwenye ukosi wote huonekana kama kivuli chenye mstari mweupe shingoni. Usianze na ukosi, kwa sababu tagua naye ana ukanda mweupe unaopita mabegani. Anza na masikio: ya tagua ni marefu, yenye nywele ndefu nyeupe pembeni, na kwa mbali yanakumbusha punda. Nenda kwenye uso, mrefu na mzito. Kisha hesabu kundi: wakiwa 4 wenye miguu mirefu inakubaliana na tagua, wakiwa 12 wafupi rudi ukaangalie masikio tena. Picha ikionyesha mgongo peke yake, iandikwe "pekari" na iachwe hapo.